Kila Nikiwasha Mimi, Mtandao Unakufa

Mama mhasibu alinipigia Jumatatu ya kwanza baada ya Nanenane ya mwaka 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Dada, njoo. Mimi na hizi mashine tuna mkosi. Kila nikiwasha mimi, mtandao unakufa."

Nikampa pole, nikamwambia nakuja. Kwenye daftari nikaandika: 4:10, mhasibu, mtandao. Maneno yake mengine sikuyaandika. Fundi wa mtandao huambiwa mengi: mmoja atakwambia intaneti inakatika wingu likitanda, mwingine inakatika bosi akiingia. Unaitikia "sawa mama" huku unafunga begi.

Ofisi yenyewe iko Area C, Dodoma, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, ua una miarobaini mitatu na vumbi la Agosti limekaa juu ya kila kitu. Getini yupo mzee mmoja Mgogo. Ananisalimu "Mbukwa!", naitikia, kisha ananisogezea daftari la wageni hata kama nilikuwa hapo jana. Jina. Unakotoka. Unakwenda kwa nani. Saa ya kuingia. Saa ya kutoka. Sahihi. Begi langu lina laptopu mbili, nyaya, koleo na mfuko wa zabibu nilizonunua njiani, lakini hajawahi kulifungua. Kazi yake ni kujua nani kaingia, kwa nani, kwa muda gani. Mshikilie mzee huyu, nitamrudia.

Mkurugenzi alikuwa ananisubiri kwenye korido. Alikuwa na haraka ya kwenda stesheni. Siku hizi na treni ya mwendokasi watu wa Dodoma wanakwenda Dar kama wanakwenda Bahi.

"Tangu wiki iliyopita hatufanyi kazi," akasema. "Tunalipia mega ishirini, zinaliwa. Kuna mtu humu anaangalia mpira. Fuatilia, nikirudi nataka jina."

Alipotamka "mpira" macho yake yalikwenda kwenye mlango wa masjala. Ndani kulikuwa na kijana mwenye spika za masikioni na kikombe chenye nembo ya Yanga. Ofisi nzima ilikuwa imeshamhukumu.

Hizo "mega ishirini" kwanza. Karibu kila ofisi ninayoingia inaamini mega 20 za mtandao ndizo mega zile zile za picha kwenye simu. Sivyo. Mtoa huduma anauza kwa biti, simu inahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya Mbps 20, yaani megabiti ishirini kwa sekunde, inashusha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde basi. Halafu ile 20 ni ya kushuka tu. Kupanda, kwenye mkataba wao, ilikuwa 5. Iliandikwa ukurasa wa pili kwa herufi ndogo, na hakuna aliyeisoma, mimi nikiwemo, na ndimi niliyewafungia.

Jambo la kwanza ninalofanya ni kuhakikisha ugonjwa uko ndani ya nyumba. Miezi mitatu kabla ya hapo nilipata fundisho. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania karibu yote ikaanza kuchechemea. Jumatatu simu yangu ililia tangu saa moja asubuhi. Wateja sita, kila mmoja ana hakika kwamba rauta yake imekufa, wawili wakitaka niwauzie mpya. Ningeweza kuuza rauta sita siku ile. Kilichonizuia ni grafu: kwa wote sita ndani ya ofisi mambo yalikuwa shwari, pakiti, yaani vile vipande vidogo vya data, zinakwenda na kurudi kati ya kompyuta na rauta kwa muda usiofika milisekunde moja. Zikivuka nje tu, zinapotea. Mwenye kipimo siku ile alikaa akanywa chai. Asiye na kipimo alikuwa juu ya paa anazungusha antena.

Safari hii ilikuwa kinyume. Nilipopima kutoka kwenye rauta kwenda nje saa sita na nusu, pakiti zilirudi kwa takribani milisekunde 1,600. Sekunde moja na zaidi ya nusu, kama unaongea na mtu aliye upande wa pili wa bonde. Nikapima tena saa saba na robo, watu wakiwa kwenye wali maharage: milisekunde 18. Mtoa huduma hakuwa na tatizo. Kulikuwa na kitu ndani ya nyumba, na kilikuwa kimekwenda kula.

Sasa nieleze inakuwaje mtu anauona mtandao, kwa sababu zile video za mitandaoni zinazosema "sakinisha programu hii uone kila mtu anafanya nini" ni uongo wa mchana.

Mimi nilijifunzia kwenye kafe ya intaneti pale Uhindini, enzi zile kafe bado zina maana, mwaka 2009. Kompyuta nane ziliunganishwa kwa habu. Habu ni kifaa kisicho na akili: pakiti ikiingia poti moja, yaani tundu moja la waya, kinairudia kwenye poti zote, na kila kompyuta inapaswa kuwa na adabu ya kutupa isiyo yake. Kama barua zote za kijiji zinasomwa kwa sauti chini ya mbuyu na kila mtu anatakiwa kuziba masikio mpaka lake litajwe. Rafiki mmoja akanionyesha Wireshark, programu iliyoanzishwa na Mmarekani Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006. Ukiiambia kadi ya mtandao iache adabu, ipokee kila kitu, basi unasikia barua zote.

Na barua za wakati ule zilikuwa hazina bahasha. Paswedi zilipita uchi. Nilikaa nyuma ya kaunta nikasoma paswedi za wateja waliolipa nusu saa, nikasoma meseji ya dada mmoja kwa mchumba wake aliyekuwa Mwanza. Sikuwahi kutumia hata moja. Lakini nilizisoma, na ukweli ni kwamba niliona raha. Oktoba 2010 Eric Butler alipotoa Firesheep, kidude kilichomwezesha mtu yeyote kwenye waifai ya wazi kuingia kwenye akaunti ya jirani kwa kubofya mara moja, dunia ilishtuka. Mimi sikushtuka. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti.

Baada ya hapo mambo mawili yaliziba ule mwanya. Swichi ikachukua nafasi ya habu. Yenyewe inajifunza anwani ipi iko poti ipi, na inapeleka pakiti kwa mwenyewe tu. Na tovuti zikaanza kutia barua kwenye bahasha, hasa baada ya shirika la Let's Encrypt kuanza kutoa vyeti vya usimbaji bure mwishoni mwa 2015. Leo ukichomeka laptopu yako kwenye swichi na kufungua Wireshark, utaona mambo yako mwenyewe, pamoja na matangazo yanayopigwa kwa wote, yale ya "nani mwenye 192.168.1.40? Amwambie 192.168.1.1". Basi. Mchawi wa kwenye video hakukwambia hilo.

Swichi za bei nzuri zina uwezo wa kunakili: unaiamuru, kila kinachopita poti ya rauta kitoe nakala kwenye poti yangu. Swichi ya ofisi hii haikuwa ya bei nzuri. Ilikuwa boksi la poti 24 lisilojua amri yoyote, nililiweka mwenyewe kwa sababu bajeti ilikuwa ya boksi. Kwa hiyo nikafanya ninachofanya siku zote: nikachukua kiswichi changu cha poti tano chenye uwezo wa kunakili, nikakipachika katikati, baina ya rauta na lile boksi, kila kitu kipite kwangu. Kwenye poti ya nakala nikachomeka laptopu kuukuu yenye Linux na ntopng, nikaisukuma chini ya meza na karatasi: USIGUSE. Ntopng haihitaji kusoma kilichomo ndani ya pakiti. Inaandika nani, kwenda wapi, kiasi gani, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi.

Mzee wa getini, kwa maneno mengine.

Nusu saa ya kwanza nilisikiliza tu. Ofisi ina watumishi 26. Vifaa nilivyovihesabu vilikuwa 71. Simu mbili mbili, kamera nne za ulinzi, printa tatu, runinga ya chumba cha mikutano, na vingine ambavyo mpaka leo sijui ni vya nani. Na usidhani kila namba ina jina lake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida inabuni anwani ya MAC, ile namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, ya uongo kwa kila mtandao inaoingia. Mkurugenzi anasema nataka jina. Mtandao unakupa namba na herufi kumi na mbili za vitendawili.

Siku ya kwanza ikaisha bila kitu. Nilichora grafu ya kushuka na kilele chake kilikuwa Mbps 6 kati ya 20. Karibu robo tatu ya barabara ilikuwa tupu, na bado watu walilia kuanzia saa nne mpaka saa saba. Nilimwona na kijana wa masjala humo, bila kumtafuta: saa saba na nusu, muda wa chakula, alishusha megabaiti 212 kutoka YouTube. Pengine magoli ya jana. Dakika kumi hivi za video na kwisha habari yake. Nilimpigia mkurugenzi, akaniambia kwa upole wa mtu aliyeko kwenye kikao, "Basi dada hujaangalia vizuri."

Niliudhika, lakini nilijua inawezekana kweli sikuangalia vizuri, kwa sababu ya wastani.

Kuna programu ya zamani inaitwa MRTG ambayo wazee wa fani hii wote wameipitia. Tobi Oetiker aliianza mwaka 1994 alipokuwa chuo kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza. Chuo kizima kilikuwa na laini moja ya nje ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua nani anaijaza. Nikisoma habari hiyo hujisikia nyumbani. MRTG inaiuliza rauta kila baada ya dakika tano, umepitisha baiti ngapi, inatoa tofauti, inagawanya, inachora. Kazi safi. Lakini dakika tano ni nyingi. Laini ikijaa kabisa kwa dakika moja kisha ikalala dakika nne, grafu itakuonyesha asilimia ishirini na utasema hakuna shida. Ni kama kusema familia yenye watu watano imekula sahani moja moja ya ugali, kumbe baba kala zote tano.

Siku ya pili nikashuka kwenye sekunde moja moja. Bado 6. Hakukuwa na baba aliyekula sahani zote.

Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, upepo unagonga madirisha, nikila zabibu. Ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku nzima. Grafu za mtandao zina mistari miwili. Wa kushuka unarukaruka kama mbuzi, ndio wote tunautazama kwa sababu ndio tunaoulipia na ndio tunaoutangaziwa. Wa kupanda tunauacha. Mstari wa kupanda ulianza saa nne na dakika tano, ukapanda mpaka 5, na ukakaa hapo. Bapa kama mbuga ya Bahi. Haukutikisika mpaka saa saba kasoro dakika tano, ukaanguka sifuri.

Mtu atauliza, kama kupanda kumejaa, kushuka kunahusikaje? Barabara si mbili? Ni mbili, lakini kila mzigo unaoshuka unadai risiti. Kompyuta yako ikipokea vipande vya ukurasa inarudisha ujumbe mfupi, "nimepata, leta vingine". Risiti hizo zinapanda. Barabara ya kupanda ikijaa, risiti zinapanga foleni ndani ya rauta nyuma ya mizigo mikubwa, na mtumaji wa mbali, asiyepata risiti, anapunguza mwendo. Na rauta nyingi zimepewa ghala kubwa la kusubiria, watengenezaji wakidhani ni wema kutotupa pakiti. Ghala la megabaiti moja kwenye laini inayopandisha Mbps 5 linachukua sekunde 1.6 kumwagika. Milisekunde 1,600. Namba ile ile niliyoipima siku ya kwanza, nimeiandika kwa mkono wangu, na sikuuliza inatoka wapi.

Ugonjwa huu una jina la Kiingereza, bufferbloat, alilolipa mhandisi Jim Gettys, mwaka 2010, baada ya kuona intaneti ya nyumbani kwake Marekani inalegea kila anapotuma mafaili makubwa. Watu walikuwa na laini nene na bado wakateseka. Dawa yake ilikuja mwaka 2012: Kathleen Nichols na Van Jacobson walibuni namna ya kuifanya rauta itazame pakiti imekaa muda gani kwenye foleni badala ya kutazama foleni ina urefu gani. Jacobson huyo ni mmoja wa walioandika tcpdump huko Berkeley mwaka 1988, babu wa programu zote hizi za kusikiliza mtandao. Mtu mmoja ametupa darubini, na miaka ishirini na nne baadaye akatupa na dawa ya tulichokiona.

Basi nani anapandisha? Ntopng ikajibu bila kusita: 192.168.1.23. Kifaa kimoja, mkondo mmoja, unakwenda kwenye huduma ya kuhifadhi nakala mawinguni ambayo ofisi yenyewe inailipia. Ndani ya bahasha sikuona kitu na sikuhitaji. Orodha ya rauta ikanipa jina la kompyuta. Ya mhasibu.

Nilisoma jina hilo mara mbili. Kisha nikakumbuka alichoniambia kwenye simu Jumatatu, neno moja moja, na nikaona aibu.

Hapo nilikuwa na kila kitu ambacho mkurugenzi aliagiza. Nilikuwa na jina. Ningemtumia kwa WhatsApp pale pale sakafuni, nikalipwa, nikaenda zangu. Kilichonifanya nikae kidogo ni jambo la mwaka 2016.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya muda kwenye ofisi nyingine hapa mjini, sitaitaja. Serikali ilikuwa ndiyo inaanza kuhamia Dodoma kwa kishindo, kodi za nyumba zinapanda kila mwezi, ofisi zinafunguliwa kila kona, na mimi nilikuwa kijana ninayetaka kuonekana najua. Tatizo lilikuwa lile lile: bando linaisha kabla ya mwezi. Bosi akataka ripoti. Nikampa ripoti. Si ya kiasi tu. Niliweka na majina ya tovuti, kwa sababu kabla kompyuta haijafungua tovuti yoyote huuliza kwanza anwani yake, na maswali hayo yalipita wazi, bila bahasha. Mengi mpaka leo yanapita hivyo. Sikufungua barua ya mtu. Nilisoma tu anwani juu ya bahasha, kurasa kumi na moja, nikazichapa kwa rangi.

Aliyekuwa anamaliza bando alikuwa kompyuta moja iliyokuwa inajisasisha usiku. Ilikuwa ukurasa wa kwanza. Lakini bosi hakuishia ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa saba kulikuwa na kompyuta ya dada mmoja wa mapokezi ambaye, kila siku mchana, alikuwa anafungua tovuti za nafasi za kazi. Matumizi yake ya mwezi mzima hayakufika hata megabaiti themanini. Mkataba wake ulipoisha Desemba haukuongezwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini, na mimi nilipongezwa mbele ya watu kwa ripoti "iliyokwenda ndani". Nilikula pilau ya kufunga mwaka nimekaa meza moja naye.

Wakati ule hatukuwa na sheria ya taarifa binafsi. Sasa tunayo, ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kabla yake ilikuwepo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kunasa mawasiliano ya mtu bila mamlaka. Nashukuru zipo. Lakini sidhani kama zingenizuia mimi wa 2016. Ofisi ilikuwa yao, mtandao wao, wameniita wenyewe, na nilichoandika kilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimeulizwa bando linakwenda wapi, nikajibu watu wanakwenda wapi.

Niliinuka nikajipangusa vumbi, nikaondoka. Kesho yake, Jumatano, mhasibu alipofika tu nikaenda chumba chake nikafunga mlango.

"Mama, shikamoo. Kuna kitu kikubwa umeweka kwenye hii kompyuta wiki iliyopita?"

Akafikiri. Akacheka kidogo, akashika shavu. "Si kubwa. Ni send-off ya mwanangu. Yule wa video kaniletea yote kwenye diski, nikahamishia hapa mezani isije ikapotea."

"Hapa mezani" maana yake kwenye eneo-kazi la kompyuta, na eneo-kazi ndilo programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa inalilinda. Gigabaiti 60 za video ambayo haijakatwa. Programu ikafanya kama ilivyofundishwa: hiki kipya, nikipeleke mawinguni. Mama huyu anahudumu ofisi mbili. Asubuhi anapita benki, saa nne anafika hapa, saa saba anakwenda Kizota ambako hakuna intaneti. Karibu saa tatu kwa siku. Nikapiga hesabu pale mbele yake nyuma ya bahasha ya stakabadhi: gigabaiti 60 kwa Mbps 5 ni saa ishirini na sita na dakika arobaini, ambazo ni kama siku tisa za kazi. Alikuwa siku ya saba. Tungeacha tu, video ingemalizika kupanda Ijumaa, mtandao ungepona wenyewe, na kijana wa masjala angekuwa ameshapewa barua, na ofisi nzima ingeapa kwamba barua ndiyo iliyoponya.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni rauta, mama. Na mimi niliyeiweka."

"Si nilikwambia? Kila nikiwasha mimi."

"Uliniambia."

Akanionyesha dakika mbili za ile video. Binti anaingia ukumbini anacheza taratibu, mashangazi nyuma na vigelegele, MC anapaza sauti. Video zote tukazihamishia kwenye diski yake zikae salama, tukazitoa mezani. Mstari wa kupanda ukaanguka. Nikaingia kwenye rauta, ambayo kwa bahati ilikuwa na uwezo wa foleni ya kisasa, nikaiamuru isipandishe zaidi ya Mbps 4.5 ili foleni ikae kwangu na si kwa mtoa huduma, na asitokee mmoja wa kuziba njia ya wote. Nikajaribu kupandisha faili kubwa makusudi: milisekunde 31. Wakati wa chakula cha mchana kijana wa masjala aliangalia magoli yake, nami sikutazama ni ya nani.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Laini, kiasi, saa, chanzo: programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa haijawekewa mpaka. Kilichofanyika: imewekewa. Mkurugenzi aliisoma Alhamisi akiwa bado amevaa koti la safari.

"Programu ya nani?"

"Ya ofisi. Mnailipia kila mwezi."

"Najua, lakini kwenye kompyuta ya nani?"

"Ipo kwenye kompyuta zote, mzee. Ingeweza kuwa yoyote. Ingeweza kuwa yako."

Alinitazama kidogo. Kisha akauliza, "Na huyu wa masjala?"

"Megabaiti mia mbili na kumi na mbili. Saa ya chakula."

Akagonga meza kwa vidole, akasaini karatasi ya malipo. Sijui kama alifurahi. Tangu siku hiyo ameniita mara moja tu, printa.

Getini mzee alinisogezea daftari niandike saa ya kutoka. Niliandika nane kasoro ishirini. Nikapinda kupitia Sabasaba kununua mboga, mlenda na nyanya. Mwenye meza ya nyanya karibu na wanakouza dagaa ni yule dada wa mapokezi. Yuko pale miaka mitano sasa. Anasema biashara si mbaya, watu wameongezeka mjini. Huwa ananifurahia kila akiniona, kwake mimi ni mtu wa kazini zamani.

"Bado uko kwenye mambo yako ya kompyuta?" akaniuliza akipanga fungu.

"Bado, dada."

"Safi. Ulikuwa unaijua kazi yako wewe." Akafunga mfuko, kisha akaufungua tena akaniongezea nyanya mbili.